Kesi ya Sifuri

Kati ya darasa langu na lake palikuwa na ukuta wa plaiwudi. Uliwekwa kwa muda tu, watoto walipozidi pale shuleni kwetu Moshono, ukakaa miaka yote niliyofundisha pale. Upande wangu nilifundisha Maarifa ya Jamii. Upande wa pili Madam wa Hisabati alikuwa akiimba. Nasema akiimba kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyoita. Sisi wengine tulisikia kitu kama geti la bati linalofunguliwa na mtu asiye na haraka.

Siku moja niliuliza darasa langu, "Mji mkuu wa Zambia ni upi?" Mkono ukanyooka nyuma kabisa.

"Arobaini na mbili, mwalimu."

Hakuna aliyecheka, maana nusu ya darasa ilikuwa inawaza swali jingine. Lilikuwa limetoka upande wa pili wa plaiwudi, likifuatana na makofi na vishindo vya miguu, na yule mtoto alikuwa amelipata.

Wakati wa mapumziko nikaenda kulalamika.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Jirani." Hakuwahi kuniita kwa jina langu, tangu siku ya kwanza nilikuwa Jirani.

"Madam, wanafunzi wangu wanajibu maswali yako."

Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Pole. Na ya kwako wanajibu?"

Alizaliwa wapi sijui, na baba yake alikuwa nani sikuuliza. Ninachojua ni kwamba na akina mama wa sokoni aliongea Kimeru, na alipokasirika darasani alihesabu kwa Kimeru, polepole, na watoto walijua kwamba akifika kumi mtu atajuta. Alikuwa mfupi, mwenye sweta ya kijani ambayo vifungo vyake havikufanana hata viwili, kitenge, raba za michezo, na kipande cha chaki nyuma ya sikio kama fundi seremala. Chaki hiyo aliisahau mara nyingi. Aliwahi kwenda nayo msibani.

Kuchora hakujua. Alichora ng'ombe ubaoni ili watoto wakadirie eneo la ngozi yake, wakaanza kubishana kama ni ng'ombe au ni pasi. Elibariki, mvulana mrefu mwenye mdomo usiochoka, akashindwa kuvumilia. Alienda mbele, akafuta, akachora mwenyewe, na mwenzake akamsukuma kwa sababu pembe zilikuwa fupi, na mwingine akasema eneo sasa limebadilika kwa hiyo jibu la mwanzo limekufa. Nilimuuliza Madam baadaye kama huwa anaharibu makusudi.

"Nikichora vizuri watanitazama," alisema. "Nikichora vibaya watasimama." Hakuniambia zaidi ya hapo, na mpaka leo sijui kama mkono wake ulikuwa mbovu kweli.

Vipimo vya eneo alivifundishia shuka la mlinzi wetu, lile la miraba myekundu na myeusi. Alilitandaza sakafuni, mtoto mmoja akalala juu yake, wengine wakahesabu miraba aliyoifunika, kisha wakabishana kuhusu ile iliyofunikwa nusu. Ilikuwa Julai, na anayejua Julai ya huku chini ya Meru anajua baridi yake. Mlinzi alisimama mlangoni amejikunyata.

"Madam, shuka langu."

"Subiri kidogo, baba, tumefika kwenye goti."

Msidhani alikuwa mpole. Mtoto aliyechelewa alibaki nje mpaka asikie mwenyewe kwamba wenzake wanafurahi bila yeye. Na aliyekuja bila kazi ya nyumbani hakuchapwa. Aliomba radhi kwa shairi la ubeti mmoja, na vina visipokaa sawa alirudia. Wavulana wakubwa walimwomba Madam awachape tu yaishe, akakataa.

Hapo ndipo tulipomfahamu Nembris. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa nyanya pale soko la Tengeru, mtoto aliyeketi pembeni, na sauti yake hata mimi wa ng'ambo ya plaiwudi sikuwa nimewahi kuisikia. Siku moja hakuleta kazi. Akasimama akasoma, kwa sauti ndogo lakini bila kukwama:

Madamu nakusalimi, kazi yangu imeliwa,
Si uvivu, siyo mimi, mbuzi atahukumiwa,
Alianza na ya kumi, na ya kwanza ikaliwa,
Naungama kwa ulimi, kesho mbuzi hatapewa.

Darasa likapiga meza.

"Hatapewa," Madam alisema. "Kwa hiyo leo alipewa."

Nembris akainamisha kichwa, akicheka. Tangu hapo hakuleta kazi ya nyumbani kila Jumatatu, na kila Jumatatu alikuwa na ubeti mpya. Madam alijua. Alimwekea maswali magumu zaidi Jumanne, na yote yalirudi yamefanywa.

Ungemwona Madam nje ya darasa usingeamini ni mtu huyohuyo. Chumba cha walimu hakufanya utani. Nyumbani kwake vitambaa vya makochi vilikaa kama vimepigwa msumari, na mgeni aliyevisogeza alivirudisha kabla ya kupewa chai. Kanisani alivaa sare ya kwaya kila Jumapili na hakuimba hata mstari mmoja: kiongozi wa kwaya, mtu mwenye busara zake, alikuwa amempa cheo cha mlezi, akamweleza kwamba walezi hukaa mbele, husimamia nidhamu na hupumzisha sauti. Alikipenda cheo hicho. Alikitimiza kwa ukali mpaka waimbaji wa besi walimwogopa.

Sasa nisimulie ile kesi, maana ndiyo iliyotaka kumwondoa kwetu.

Darasa la Saba walikuwa wamekwama kwenye sifuri. Hawakuelewa kwa nini saba mara sifuri iwe sifuri. Elibariki alisema ni dhuluma: Saba amekwenda mzima, amerudi hayupo, na hakuna anayeuliza. Madam akasema kama ni dhuluma ipelekwe mahakamani. Kesho yake meza zilipangwa upya, mtoto mmoja akavaa joho la graduesheni aliloazima kwa dada yake akawa hakimu, Elibariki akawa mwendesha mashtaka, na Nembris akasimama kizimbani amevaa rimu ya baiskeli shingoni. Yeye ndiye Sifuri.

Upande wangu nilikuwa nimeshakata tamaa. Niliwaambia wanafunzi wangu waweke kalamu chini tusikilize.

"Sifuri," Elibariki alinguruma, "unashtakiwa kwamba ulizidishwa na Saba, na tangu siku hiyo Saba hajaonekana. Mama yake Saba yuko hapa." Kilio kikapanda. Mama Saba alilia vizuri mno.

"Mheshimiwa hakimu," ilikuwa sauti ya Nembris, "mimi nikijumlishwa na mtu, simgusi. Muulizeni Tano. Muulizeni Mia."

"Tunazungumzia kuzidisha!"

"Saba mara mbili ni Saba kuitwa mara mbili. Saba mara moja, ameitwa mara moja. Saba mara sifuri, hakuitwa kabisa. Mtu ambaye hata hakuitwa, nimemuuaje?"

Nilisikia ukimya ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuupata darasani kwangu. Na katika ukimya huo mlango wao ukagongwa. Alikuwa mkaguzi wa shule, ambaye siku hizi wanataka tumwite mthibiti ubora, na nyuma yake Mwalimu Mkuu, jasho likimtoka. Ziara ilikuwa ya kushtukiza. Mwalimu wa kawaida angepanga meza haraka na kuandika jambo ubaoni.

"Mheshimiwa hakimu," Madam alisema, "shahidi amefika."

Nililisogeza jicho kwenye tundu la plaiwudi, sioni haya kusema. Mkaguzi alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kijivu na faili kwapani. Alifungua mdomo, akamtazama Mwalimu Mkuu, akatazama darasa zima lililosimama kwa heshima kumpokea, na kabla hajajua, alikuwa ameketi kwenye kiti cha shahidi.

"Shahidi," Elibariki alisema, "nyumbani kwako kuna kile kibao kipya cha namba ya nyumba?"

"Kipo."

"Namba gani?"

"Mia mbili na tano."

"Kuna sifuri hapo katikati. Mahakama ikimfunga Sifuri leo, kibao kitasomekaje?"

Mkaguzi akafikiri. "Ishirini na tano."

"Ishirini na tano ni kwa nani?"

"Ni kwa… jirani. Mama mmoja hivi."

"Kwa hiyo leo utalala kwa mama mmoja hivi. Mkeo anajua?"

Darasa lilianguka kwa kicheko, na langu likaanguka nalo. Mkaguzi mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasimama, akasema kwa sauti ya jukwaani kwamba Sifuri ni mlinzi wa nafasi, kwamba bila yeye kila namba ingelala nyumba isiyo yake, na kwamba yeye binafsi anamwombea aachiwe. Sijui kama Elibariki alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyetakiwa kumtia Sifuri hatiani. Hakimu alimwachia Sifuri huru, kwa sharti moja: asikaribie alama ya kugawanya, na asionekane chini ya mstari wa sehemu maisha yake yote.

Tulidhani tumeshinda. Taarifa ya mkaguzi ilipokuja ilisifu uelewa wa wanafunzi, kisha ikaongeza kwamba andalio la somo halikutaja mahakama yoyote, na kwamba kelele ziliathiri darasa la jirani. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu husoma taarifa kuanzia chini. Akamwita Madam, na mimi niliyeathirika nikaitwa kama ushahidi.

"Mpaka mtihani wa taifa upite," alisema, "hakuna kuimba. Hakuna ngoma, hakuna maigizo ya kupiga kelele. Nikipita darasani kwako nataka nisikie utulivu."

"Utulivu, Mwalimu Mkuu?"

"Utulivu kabisa."

"Sawa."

Kesho yake upande wa pili hapakusikika hata mguu. Mwanzoni nilifurahi. Baada ya muda nikaanza kuogopa, nikawapa wanafunzi wangu kazi ya kunakili, nikatoka nje kuchungulia dirishani. Nikamkuta Mwalimu Mkuu amesimama hapohapo, shingo ameinyoosha.

Ndani, Madam alikuwa ameshika kitu ambacho hakikuwepo. Kwa jinsi alivyopuliza vidole, kilikuwa cha moto. Kwa jinsi alivyokigeuza, kilikuwa chapati. Akaikata katikati, akaikata tena, na tena, akagawa vipande bila kusema neno. Watoto walipokea kwa mikono miwili. Waliandika sehemu zao hewani kwa kidole. Elibariki akala kipande chake, akanyoosha mkono akala na cha mwenzake, na darasa zima likamwinukia kwa hasira, midomo wazi, ngumi juu, bila sauti hata ya kukohoa. Nembris akaonyesha kwa vidole alichobakiwa nacho kila mmoja, akamlazimisha mwizi arudishe.

"Amekula ya mwenzake pia," Mwalimu Mkuu alininong'oneza, macho hayatoki dirishani. "Kwa hiyo ana robo nzima. Si ndiyo? Mbili ya nane ni robo."

"Ndiyo, mkuu."

Akakumbuka yeye ni nani. "Mwambie aje ofisini."

Ofisini hawakuelewana, jambo likapelekwa kwenye kikao cha wazazi. Hapo halikuwa mchezo tena. Tulisikia kwamba Madam anaweza kuhamishiwa shule ya mbali, na kwamba barua imeshaanza kuandikwa. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga meza. Aliyesimama kwanza alikuwa baba yake Nembris, mwenye sauti ya kuuzia matenga.

"Mimi nilimleta hapa mtoto mwenye adabu," alisema. "Mtoto asiyeongea. Sasa hivi nyumbani hapakaliki. Nikipiga hesabu ya tenga mbele ya mteja, ananiuliza, baba, umefikaje hapo? Nikimwambia jibu, anasema nionyeshe njia uliyopita. Mbele ya mteja! Namtaka mwalimu huyu aondolewe Darasa la Saba."

Wengine wakaguna kumwunga mkono. Mwalimu Mkuu akamwambia Madam ajibu. Akasimama na sweta yake ya vifungo vya kila ukoo.

"Baba Nembris, naomba nikuulize kimoja tu. Akikubishia huwa anakosea?"

"Nani?"

"Binti yako."

Yule bwana akatazama dari. Akatazama mkewe aliyeketi dawati la nyuma, na mkewe akamtazama vilevile bila kumsaidia.

"Hakosei," alisema mwishowe. "Ndiyo shida yenyewe."

Wazazi wakacheka, na yeye akacheka kwa kuchelewa, kama mtu anayelipa deni. Mama mmoja akasema wa kwake zamani alikuwa anaumwa tumbo kila siku yenye kipindi cha hisabati, na siku hizi tumbo limepona. Mlinzi, ambaye hakuwa mzazi na hakuomba ruhusa, alisema kutoka mlangoni kwamba hata shuka lake analijua ukubwa wake sasa. Mwalimu Mkuu akaona upepo umegeuka. Akaamua Madam abaki, ila kila igizo liandikwe kwenye andalio la somo, na yeye asaini.

Aliandika. Niliyaona maandalio hayo yalipokuwa yakienda ofisini. "Zana: joho moja, maiti mmoja. Shughuli ya mwalimu: kuzuia ndugu wa marehemu wasizidishe." Mwalimu Mkuu alisaini yote, kwa kicheko au kwa mateso, sijui.

Lakini siku ile ya kikao, wazazi walipoondoka, nilimkuta Madam chumba cha walimu akijaribu kumimina chai, na chai inakwenda kwenye sahani. Nikamshikia birika.

"Nilijua leo ndiyo basi, Jirani," alisema. "Nilikuwa nimeshavipanga vitu vyangu kwenye mfuko."

Matokeo ya mtihani yalikuja, na hayakuwa ya miujiza. Walifaulu wengi kuliko mwaka uliotangulia, si wengi kupita kiasi. Nembris alifaulu vizuri sana. Elibariki hakufaulu. Yule mwendesha mashtaka aliyemtia mkaguzi kona alikaa na karatasi ya maswali ya kuchagua, peke yake, bila mtu wa kubishana naye, akapotea.

Madam alikwenda nyumbani kwao kwa miguu, akakaa na mama yake mchana mzima. Aliporudi hakuimba. Muhula karibu wote upande wa pili nilisikia chaki tu. Siku moja akaja mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza, "Wewe ulikuwa unasikia kila kitu. Kelele zangu ndizo zilizomponza yule mtoto?"

Nilimwambia tu kwamba Elibariki alikuwa hakosi shule, na kwamba miaka ya nyuma alikuwa anakosa wiki mbili kwa mwezi. Akatikisa kichwa, akaondoka. Jumatatu moja geti la bati likafunguka tena ng'ambo ya plaiwudi, baya kuliko zamani, na darasa langu zima likageuka kunitazama kama wanaoniomba ruhusa. Niliwapa. Elibariki sasa ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Watu wanasema akipima dirisha lako jiandae kwa mdahalo.

Madam alistaafu, nami nikahamishiwa Olasiti, kwenye shule yenye kuta za tofali. Miaka ikapita. Mwaka huu, mchana mmoja, nilikuwa natembea kwenda kwenye kikao nilipoona kwenye uwanja wa vumbi gari la chuo cha udereva limesimama, na pembeni yake wanafunzi watatu watu wazima wameshikana mikono kwenye duara. Kijana mmoja mwenye fulana ya chuo alikuwa amejishika kichwa.

"Hawa wanafanya nini?" nilimuuliza.

"Ni mzunguko, mzee," alisema. "Raundabauti. Mimi nina chati nzuri kabisa ya alama za barabarani, nimemwonyesha yule mama wiki nzima. Anasema chati haipishani na mtu. Amewapanga wenzake. Mzee, huyu mama nitamfanyaje?"

Nikainama dirishani. Alikuwa kwenye usukani, amekalia mto ili aone mbele, nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Jirani! Umenenepa." Akazima gari, likaruka kidogo kabla ya kukubali. Akaniambia mumewe alifariki mwaka jana. Pikapu yake ipo uani, watoto wanataka iuzwe. "Miaka yote nilimwomba anifundishe. Akasema nitaua kuku."

"Umeua?"

"Bado. Nimegonga ndoo." Akatazama mikono yake juu ya usukani. "Nimefundisha watoto wa watu wote hawa, wewe unajua, kila mtu nilimwambia aje mbele ajaribu. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia njoo ujaribu. Kwa hiyo nimejiambia."

Akanyoosha kidole mbele ya gari.

"Mzunguko nimeshauweza. Ninachoogopa ni kupishana na lori. Nenda kasimame pale mbele. Wewe ni lori la mchanga."

"Madam, nina kikao."

"Lori halina kikao."

Kijana wa fulana alinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kuona wengine nao wanateswa. Ng'ambo ya barabara, wanafunzi wangu wa Darasa la Sita walikuwa wakitoka kununua barafu, wakasimama wote. Nikaenda. Nikasimama na mkoba wangu mkononi.

"Sikusikii!" alipiga kelele kutoka dirishani.

Nikanguruma. Nikaanza kutembea, na gari nalo likaanza kuja, polepole, likiyumba, na kupitia kioo nilimwona ameuma ulimi kama mtoto wa Darasa la Kwanza anayeandika herufi yake ya kwanza. Alinipita karibu sana, kioo cha pembeni kikanigusa mkono wa koti. Wenzake wa mzunguko wakapiga makofi. Akasimama mbele kidogo, akatoa kichwa dirishani.

"Jirani! Umekaa katikati ya barabara. Lori gani linatembea hivyo? Rudi, tuanze upya."

Nikarudi nilikotoka, nikawasha injini.